Siku Nilipomkimbia Mama Mkwe Bustanini

Nikianza kusimulia mambo ya siku ile mke wangu hutoka nje, si kwa hasira, ila anajua kuna mahali nitafika nitacheka peke yangu halafu ninyamaze, na kule kunyamaza hakupendi. Leo ametoka mapema, na nyinyi mmeniuliza wenyewe, basi wacha niseme tu: mimi Kyalo, mtu mzima mwenye wajukuu, niliwahi kuchomoka ndani ya rundo la nyasi mbele ya akina mama wasiopungua ishirini, kifua wazi na matako nusu wazi, siku mbili tu kabla ya kupeleka mbuzi wa mahari, na mmoja wa akina mama hao alikuwa mama mkwe. Aibu niliyoipata sikuwahi kuiona kwa mtu mwingine, na nimeishi miaka mingi nikiangalia.

Kwa wale ambao hamkuzaliwa Ukambani, mjue kwamba miaka ile ya sabini nthoni ilikuwa nthoni kweli. Hiyo ni heshima iliyochanganyika na haya, na kubwa kuliko zote ni ile ya mtu na mama mkwe wake. Ukimwona anakuja njiani unatoka njiani, unageuza uso, anapita, unarudi njiani, basi. Humshiki mkono, huli mbele yake, humtazami machoni. Na yeye vilevile, akikuona anajifunika leso na kutazama pengine. (Vijana wa leo mnawapigia mama wakwe simu kuwauliza wamepika nini. Sisemi ni vibaya, nasema tu mlikosa kuteseka.)

Sasa pale Migwani tulikuwa na bustani yetu, chini kidogo ya soko. Haikuwa ya serikali wala ya tajiri fulani, ilikuwa ya chama cha wananchi kisichotafuta faida, na mtu yeyote aliruhusiwa kuingia na kukaa kivulini. Mvua ikinyesha hukuona watu wengi huko, kila mtu alikuwa shambani kwake, lakini kiangazi kikishika, mashamba yakibaki mavumbi matupu, bustani ndiyo ilikuwa kijiji. Watu waligawiwa matuta ya mboga, akina mama walisuka vyondo huku wakingoja zamu ya maji, wazee walicheza bao, na mboga zilizozidi zilipelekwa kwa wagonjwa. Maji yalitoka kwenye silanga, yaani lile bwawa la kuchimba la kukinga maji ya mvua, lenye kingo za udongo mwekundu unaoteleza hata ukikauka juu. Msimamizi wetu alikuwa Mama Ndunge, mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye sauti ya paredi.

Mimi siku yangu ya kazi ilikuwa Jumamosi. Lakini Jumamosi ile nilikuwa naenda na mjomba wangu Nzioka kupeleka mbuzi kwa kina Syombua, mchumba wangu, kwa hivyo nikahamisha zamu yangu hadi Alhamisi, sikumwambia mtu, nikaingia asubuhi kwa mlango wa nyuma nikaanza kugeuza mbolea. Jua lilikuwa kali la kuchoma utosi. Nikavua shati, nikavua na suruali nisiichafue, nikabaki na kaptura ya marehemu baba, ambayo nyuma ilikuwa imepasuka, lakini nani ataniona? Nilikuwa peke yangu na mavi ya ng'ombe.

Nikasikia wimbo. Mkisikia akina mama wa Ukambani wanakuja kazini kwa mwethya, kazi ile ya kusaidiana, mnawasikia kabla ya kuwaona. Nikainua kichwa, nikaona mstari wa leso unashuka na njia, mbele Mama Ndunge, na nyuma yake, ngai wangu, Mama Syombua! Mama wa mchumba wangu, na jembe begani, anaonyeshwa bustani kama mwanachama mpya! Baadaye nilijua kwamba alikuwa amekataa kujiunga kwa sababu yangu, mpaka Mama Ndunge akamwahidi, "Njoo Alhamisi, yule kijana wako huwa anakuja Jumamosi." Mnaona wenyewe nilivyojipalia makaa.

Mtu mwenye akili angegeuka tu akaelekea kwenye ua na kuwapa mgongo. Lakini mgongo wenyewe ndio ule wa kaptura iliyopasuka! Mbele sina shati, nyuma sina heshima. Nguo zangu zilikuwa upande ule wanakotokea. Karibu yangu kulikuwa na rundo la nyasi kavu za kutandaza juu ya matuta ili udongo usikauke upesi. Nikaingia ndani yake kwa kichwa, nikajifukia, nikasema watapita.

Hawakupita. Wakasimama hapo hapo.

"Leo," nikasikia sauti ya Mama Ndunge, "tunaanza na kutandaza nyasi. Kila mtu abebe mzigo wake."

Moyo ulinipasuka. Nyasi zinanichoma mbavu, vumbi limenijaa puani, sisimizi wamegundua kwamba kaptura ina mlango wazi, na siwezi kujikuna. Nikasikia sauti nyingine, ya upole, ambayo sikuwa na ruhusa hata ya kuisikiliza vizuri.

"Mwalimu, si tuanze na zile nyasi za kule karibu na geti? Hizi naona bado mbichi."

Nikambariki moyoni. Nikasema, huyu mama ametumwa na Mungu.

"Mbichi wapi, Mama Syombua? Hizi zimekauka mpaka zinalia. Haya, songa, beba!"

Wakaanza kubeba, na wimbo juu. Kila ubeti rundo linapungua. Mwanga ukaanza kuingia, nikaona visigino, nikaona pindo za leso, nikajikunja mpaka magoti yakagusa masikio. Hapo ndipo ile sauti ya upole ilipopasua anga.

"Nzoka! Nzoka! Nyoka humo ndani! Kimbieni!"

Jamani, nimewaambia hawa ni akina mama wa Kitui. Hakuna aliyekimbia. Wimbo ulikatika, nikasikia majembe yanashushwa mabegani, fokojembe, panga, na mmoja anasema, "Ngoja kichwa kitokee, usipige mkia." Hapo nikaacha kuwa mkwe nikawa mtu anayetaka kuishi. Niliruka na ukelele ambao hata mimi sikuujua ni wangu, nyasi zikaruka nami, kaptura ikanasa kwenye kijiti ikamalizia kupasuka, na nikasimama mbele ya majembe ishirini yaliyo hewani nikisema, "Ni mimi! Ni Kyalo! Msinipige, ni mimi!"

Majembe yakabaki hewani. Nikageuka, na mtu niliyetazamana naye, uso kwa uso, hatua nne hivi, alikuwa Mama Syombua. Nikashika kaptura kwa mikono miwili. Yeye akafanya vile alivyofunzwa tangu utoto: akavuta leso akajifunika uso wote, akageuza kichwa, akaanza kurudi nyuma. Nyuma, nyuma, nyuma, bila kuona. Na nyuma yake kulikuwa silanga.

Hakupiga kelele. Tulisikia udongo unateleza, halafu maji.

Hapa ndipo huwa nacheka kidogo halafu nanyamaza, lakini leo nitaendelea. Silanga ilikuwa nusu, maji ya kimo cha mtu na zaidi, na chini kuna tope linaloshika mguu halikuachi. Mama Syombua alitokeza kichwa, akashika ukingo, ukingo ukammeng'enyukia mkononi, akazama, akatokeza tena. Hakuna mama hata mmoja pale aliyejua kuogelea. Mimi nilijua, nilijifunza mtoni Tana nilipokuwa nikifuata mifugo ya mjomba.

"Kamba! Leteni kamba ya ndoo!"

"Kyalo, ingia!" Mama Ndunge akaniamrisha.

"Ataingiaje?" mwingine akamkata. "Huyo ni muthoni wake, mama mkwe! Atamshika vipi mwilini?"

"Na hivyo alivyo uchi!"

"Si afunikwe kwanza? Mpeni leso ajifunge!"

Na mtu akanirushia leso kweli, na mimi, jamani, nikaanza kujifunga. Nasema ukweli. Mama wa mchumba wangu anakunywa maji ya silanga, na mimi nimesimama ukingoni nafunga fundo kiunoni, najiuliza nikimshika mkono itakuwaje, mahari itakataliwa, wazee watasema nini, Syombua atanitazama vipi. Haikuwa muda mrefu. Fundo moja tu. Lakini nilisimama.

Kisha ile leso yake ikaelea juu ya maji peke yake, haina kichwa, na mwili wangu ukaingia kabla mimi sijaamua. Nilimkuta chini, nikamshika kwapani, mguu wake ulikuwa umeshikwa na tope, nikavuta, nikavuta tena, nikamtoa. Wakatuvuta kwa kamba ya ndoo. Nilimbeba mgongoni, mama mkwe, mgongoni! Nikamlaza juu ya zile nyasi. Alitapika maji mekundu, akakohoa, akafungua macho akanitazama moja kwa moja, na sikumbuki kama niligeuza uso. Wakamfunika shuka ya Mama Ndunge, wakamsindikiza nyumbani.

Nilikuwa sijafika kwetu soko lote la Migwani limeshajua. Mwenye duka la sukari aliniuliza nyoka ameamkaje.

Ijumaa Syombua alikuja kwa mama yangu, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Mama haongei," akaniambia. "Tangu jana haongei na mtu. Baba anasema mkitaka kuja kesho mje, lakini mje na mdomo wa kujieleza. Mimi sijui, Kyalo. Akikataa yeye, mimi siwezi."

Nilimpenda yule msichana, sina haja ya kuzunguka. Nililia jikoni kama mtoto, na mama yangu akaniacha nilie.

Jumamosi tulienda, mimi, mjomba Nzioka na mbuzi. Tukakalishwa uani. Baba yake Syombua alikuwa amewaita wazee wawili wa ukoo wao. Wazee wakasema jambo hili halijawahi kutokea, mkwe kumwona mama vile, tena kumshika. Mmoja akataka mbuzi wa kutakasa, mwingine akasema afadhali ndoa isubiri. Nikainamisha kichwa. Mama mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba ya jiko, kama desturi, ukuta wa fito na udongo katikati yetu.

Ndipo akaongea, kutoka ndani, sauti bado ina kikohozi.

"Mwambieni huyo kijana kwamba nilimwona akiingia kwenye nyasi."

Wazee wakageukia ukuta.

"Nilimwona tangu mwanzo, na kaptura yake. Nikasema nitamfichia aibu. Nikawaambia nyasi ni mbichi, hawakusikia. Nikapiga kelele ya nyoka ili wakimbie, naye apate kutoka. Kumbe hawa wanawake wa siku hizi hawaogopi kitu. Karibu wamuue kwa ajili yangu."

Mzee mmoja akaanza kucheka, akajizuia. Mimi nilikuwa nimepigwa na butwaa. Yaani mimi namkimbia yeye, yeye ananikinga mimi, na kwa heshima yetu ile ya pande mbili karibu tuzikane sote!

"Mbuzi wa kutakasa sitaki," akaendelea. "Nilikuwa nakufa, na watu walikuwa wanajadili leso. Lakini mwambieni jambo moja. Nilipotokeza kichwa mara ya pili, nilimwona. Alikuwa amesimama anafunga fundo."

Nilitamani ardhi inimeze. Mjomba alinigeukia, na sikuweza kumtazama.

"Mwambieni mbuzi wake wapokewe. Lakini Syombua akianguka siku moja, asifunge fundo kwanza."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo mama mkwe aliwahi kuniambia, na aliniambia kupitia ukutani. Tulioana mwaka huo, kabla ya mvua, na nyimbo za harusi zilikuwa na nyoka ndani yake, nikavumilia. Kujificha nimeacha kabisa. Hata nikikutwa naoga mtoni nasimama nasalimia. Na kila mke wangu akijikwaa, hata kwenye kizingiti tu, watoto wanacheka jinsi ninavyoruka kumshika nikiwa nimemwaga chai. Wao hawajui habari ya lile fundo, kwani huwa nanyamaza kabla ya kulifikia, na Syombua huwa ameshatoka nje.