Mvamizi Mwenye Kizibao cha Njano

Ndugu zangu, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjakisikia kule Nyamongo, maana huko kisa kimeshafika na kimetiwa chumvi.

Kazi yangu ni kulinda kiwanja kidogo cha ndege, cha changarawe, huku Serengeti. Juzi nilirudi kutoka semina na kizibao kipya cha njano na neno kubwa: uvamizi wa njia ya kurukia. Maana yake ni chochote kilicho juu ya njia ile bila ruhusa ndege inapotaka kutua, iwe ng'ombe, gari au mtu.

Asubuhi yake nikamkuta Mzee Mwita akivusha ng'ombe wake hapo hapo. Nikampa shikamoo, kisha nikampa somo zima.

Ng'ombe walipomaliza kutoka, ndege ilikuwa inakaribia. Nikiwa bado katikati ya njia, juu ya pikipiki, nikamwambia rubani kwa redio, "Njia nyeupe, kapteni."

"Si nyeupe," akajibu. "Naona mtu wa pikipiki, amevaa njano."

Nikapandwa na hasira. "Zunguka kidogo, nimkamate huyo mvamizi." Nikaondoka mbio.

"Anakimbilia mashariki," rubani akasema. Nikaongeza moto mpaka mwisho wa njia. Sikuona mtu, nikageuza.

"Na yeye amegeuza."

Mzee Mwita alikuwa pembeni, ameegemea fimbo yake, redio yote anaisikia.

"Mwanangu," akaniita, "huyo mtu ukimkamata, na yeye mpe lile somo."