Sanduku Juu ya Keria

Nikipaka viatu vya shule rangi, ile harufu hunirudisha uani kwetu Kitale, siku baba alipokuwa akiipaka mikanda ya ngozi. Alikuwa ameweka keria ya mbao juu ya gari lake kuukuu, ifanane na za zamani, kwa sababu lilikuwa limeombwa kubeba maharusi Bungoma. Kilichobaki ni sanduku la kufunga pale juu.

"Kachukue ile sanduku ya kukhu," akaniambia.

Nyanya alikuwa akikaa kwetu tangu augue, na alikuja na sanduku hilo kutoka kwake Kamukuywa. Aliponiona nimelishika, akauliza, "Ati naenda nyumbani?"

Niliona aibu kumwambia ukweli. Nikaitikia kwa kichwa.

Akapanga humo leso zake na Biblia, akavaa koti, akanifuata nje. "Niko tayali," akamwambia baba.

Baba alifungua sanduku akamwaga vitu vyote kwenye nyasi. "Hii inaenda tupu, mama. Ni ya urembo tu."

"Kukhu alitaka kuolewa tena, bana!" akasema rafiki ya baba aliyekuja kumsaidia kufunga sanduku, wakacheka.

"Nani amemwambia anaenda?" baba akauliza.

Nyanya akanitazama. "Hakuna. Nilijiambia."

Tulipoondoka kwenda Bungoma, nilikaa kiti cha nyuma peke yangu. Tulipopita Kamukuywa, majirani zake walilitambua sanduku, wakatoka mbio barabarani wakishangilia, "Kukhu amerudi!"

Baba akawapigia honi.