Tingatinga Alikuwa Wetu

Katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, nyuma ya pazia la plastiki, kuna kabati la kioo ambalo wagonjwa wakiliona hugeuza shingo. Limejaa mataya ya plasta, meupe, yamepangwa kama vikombe vya wageni. Mwenye kabati ni fundi wa meno bandia, mtu mfupi, mcheshi, mwenye vidole laini kwa sababu ya kushika nta mchana kutwa. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Ni Fundi Meno, basi.

Kwa kawaida taya la plasta hutupwa mgonjwa akishapata meno yake. Lakini kwenye rafu ya juu ya kabati lile hakikutupwa kitu. Rafu hiyo Fundi aliiita Ugenini. Hapo walikaa wachezaji wa timu pinzani za mpira wa magongo waliokutana na gongo la Tingatinga, beki wetu: winga wa timu ya chuo, kiungo wa timu ya benki, na mmoja ambaye Fundi alimwonyesha kila mgeni kwa sababu ilikuwa kazi ngumu, meno ya mbele yote. "Tingatinga anapanda, mimi navuna," alikuwa akisema, na wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Daktari mwenye kliniki, mwanamke mpole asiyejua hata goli liko upande gani, alimwambia mara nyingi kwamba kucheka midomo ya watu kuna mwisho wake. Fundi akamjibu kwamba mwisho wake ni ubingwa.

Tumwelewe kidogo. Timu ya wanawake ya mtaa ule ilikuwa ya kufungwa tu. Ilifungwa kwa adabu, ikapeana mikono, ikarudi nyumbani kuoga. Mashabiki walikaa kwenye jukwaa la mbao upande wa jua kama watu waliokuja kuzika. Ndipo alipotokea Tingatinga, mwanamke wa mabega mapana aliyekuwa akipakia saruji ghalani, akapewa nafasi ya beki wa kati. Mechi yake ya kwanza, mshambuliaji wa upande wa pili alimzunguka kwa madoido, akazunguka tena, mara ya tatu hakuzunguka. Alikuwa chini anatafuta pumzi. Mwamuzi alitoa kadi ya kijani, ile ya adhabu ndogo ya kukaa nje dakika chache, jukwaa la upande wa jua likasimama, na watu wazima wakakumbatiana kama wamepata mtoto.

Si wote waliompenda, hapana. Mzee Filimbi, mwamuzi mstaafu aliyekaa pembeni ya Fundi kila wiki, hakumpigia makofi hata siku moja. "Huyu anacheza watu, hachezi mpira," alisema, akajifunika macho kwa viganja. Lakini adui akikaribia goli letu, vidole vya Mzee vilifunguka taratibu na sauti yake ikasikika, "Yule yuko wapi? Mbona hayupo?" Mwokaji wa mikate, yeye hakuwa na aibu. Kwake Tingatinga alikuwa dawa chungu inayoponya. Mtu akimuuliza haogopi kufuga mtu wa namna ile, alijibu, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Na Fundi Meno alikuwa na usemi wake, ambao hata watoto wa mtaani waliuiga kwa sauti yake ya puani: "Mpira wa magongo si mchezo wa karata!"

Kisha binti yake akaingia kwenye timu hiyo hiyo.

Alikuwa mtoto wake wa pekee, mwembamba, mwepesi, anapita katikati ya mabeki bila kugusa mtu, ndiyo maana wakamwita Sindano. Mama yake hakutaka. "Mwili wenyewe huo wa kuazima," alisema, "umpeleke akagongwe?" Fundi naye aliogopa, ingawa hakusema. Tingatinga ndiye aliyemwondolea hofu. Alikuja nyumbani kwao jioni moja, akaacha viatu vyake vyenye vumbi la saruji mlangoni, akaketi ukingoni mwa kochi kama mchumba.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama. Nimekuja kuwaambia, huyu ni mdogo wangu. Mimi niko nyuma yake. Atakayemgusa atanikuta."

"Marahaba, mwanangu," alisema Fundi. Kuanzia siku ile Tingatinga akawa mtu wa nyumbani. Alikula kwao, alimwita baba, na Fundi akawatengenezea wachezaji wote kinga za meno bila malipo, zile za plastiki laini zinazong'atwa wakati wa mechi. Ya Tingatinga aliipa rangi nyekundu ili aione akiwa jukwaani. Kwa kweli alimpenda kama wa kumzaa, na hilo ndilo linaloudhi katika habari hii yote.

Timu ikafika fainali. Wiki ya kuelekea fainali, mchana kweupe, Sindano aliingia chumba cha nyuma akiwa amefunika mdomo kwa taulo. Fundi alikuwa anakwangua nta. Alidhani amekuja kumtania.

"Fungua mdomo, mwanangu," alisema, kama alivyowaambia wote. Binti akafungua. Meno mawili ya mbele hayakuwapo, na mdomo wa juu ulikuwa umepasuka.

"Kinga yako ilikuwa wapi?"

"Kwenye begi." Alizungumza kwa kupuliza. "Mazoezini hatuvai, Baba. Dada Tingatinga huwacheka wanaovaa. Anasema mazoezini tuko wenyewe kwa wenyewe, hakuna adui."

"Nini kimekupiga?"

"Mpira. Uliruka."

Fundi aliamini. Kwa nini asiamini? Alimtengenezea binti yake meno yale kwa uangalifu ambao hakuwahi kumpa mtu mwingine, akilinganisha rangi karibu na dirisha mpaka yasitofautiane na ya jirani. Taya lake la plasta hakuliweka kabatini. Alilifunga kwa kitambaa, akalitia kwenye droo ya chini, na siku ile hakumwonyesha mtu Ugenini.

Aliyemwambia ukweli ni Mwokaji, na hakukusudia. Fundi alikwenda kununua mkate, akalalamika kuhusu uwanja wenye mashimo unaorusha mipira midomoni mwa watoto. Mwokaji alikuwa anafuta trei. Akafuta, akafuta, trei ile ile.

"Fundi, tulikubaliana tusikwambie mpaka fainali ipite."

"Nani mlikubaliana?"

"Sisi wa jukwaani. Haukuwa mpira, ndugu yangu. Binti yako alimpita Tingatinga mara mbili, wenzake wakacheka, kocha akapiga makofi. Mara ya tatu gongo likapanda."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilipeleka mikate. Tulikuwepo wengi." Mwokaji akaweka trei chini. "Sasa ungefanya nini? Umshitaki, afungiwe, twende fainali na nini? Binti mwenyewe ndiye aliyetuomba tunyamaze."

Fundi aliacha mkate kaunta. Njiani alipishana na watu aliokaa nao upande wa jua miaka yote ile, wakamsalimu kwa uchangamfu uliozidi kidogo, na kila salamu ilimchoma. Walijua. Fundi wa viatu alijua, dereva wa teksi alijua, hata Mzee Filimbi mwenye viganja vyake machoni alijua. Nyumbani mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa anakunja nguo.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema mkewe, na hakumalizia. Methali ile mwisho wake kila mtu anaujua: kwa binadamu ni mchungu. Fundi alikasirika kweli kweli.

Kesho yake Tingatinga alikuja kliniki. Hakujificha, hakuinamisha macho. Alitaka kinga mpya kwa ajili ya fainali, ile nyekundu ilikuwa imechanika.

"Shikamoo, baba."

Fundi hakuitikia. "Ulikula kwangu," alisema. "Ulisema uko nyuma yake."

Tingatinga alitazama kabati. "Nilimpiga," alisema. "Sikupanga. Alinipita, wakacheka, mkono ukaenda. Mimi nikichekwa mkono huenda, baba, ndivyo nilivyo. Hamkujua? Hawa wa juu hapa unadhani nilipanga kuwapiga?" Akanyoosha kidole kwenye Ugenini. "Wewe uliwaweka ili watu wacheke. Mpira wa magongo si mchezo wa karata, si maneno yako?"

"Hawa walikuwa wapinzani."

"Kwa gongo hakuna mpinzani," alisema Tingatinga. Hakusema kwa kiburi. Kama angesema kwa kiburi, Fundi angepata nafuu.

Alimfukuza. Alimwambia aende akang'ate kitambaa. Lakini jioni Sindano alimngoja baba yake mlangoni, meno mapya yamekaa vizuri, uvimbe umepungua.

"Baba, mtengenezee. Ukienda kwa kocha, nitakayeachwa ni mimi. Wataniita mtoto wa baba. Msamehe hili moja, kwa ajili yangu."

"Amekuvunja meno, mwanangu, na ukanidanganya mimi baba yako."

"Ameshaniomba radhi. Na ananifundisha sasa. Anasema nilikuwa laini mno." Aliposema hivyo macho yake yaling'aa, na Fundi, ambaye husoma midomo ya watu kwa kazi, hakulitilia maanani neno lile. Alisikia tu kwamba mwanawe anamwomba. Akaitengeneza kinga, nyekundu kama ya kwanza, akampa binti aipeleke, kwa maana hakutaka kumwona mwenyewe.

Siku ya fainali hakukaa upande wa jua. Alikaa upande wa pili, kwa wageni, peke yake na kofia imeshuka. Alijiambia amekwenda kumtazama mwanawe, na kama Tingatinga atavunjwa mguu hatalia. Mtu mwema huweza kufika huko, akiumizwa na mtu aliyekula mezani kwake.

Hakuvunjwa. Alipewa kadi ya njano mapema kipindi cha pili, akatolewa nje kwa muda, na nyuma kukabaki wazi. Timu yetu ilikuwa inaongoza kwa goli moja. Wapinzani walikuwa na winga mdogo, mfupi, mwenye mbio, na huyo akakatiza pembeni akielekea goli. Aliyebaki mbele yake ni Sindano. Winga akampita. Akageuka akampita tena, na huku kwa wageni watu wakacheka kwa furaha.

Fundi alijua kabla halijatokea. Alisimama, akafungua kinywa kuita jina halisi la binti yake, lile la utotoni. Gongo likapanda.

Winga alianguka akashika mdomo. Mwamuzi alikuwa nyuma ya msongamano, akatoa kadi ya kijani tu. Upande wa jua ukalipuka. "Sindano! Sindano!" waliimba, na Mwokaji alionekana akirukaruka, akimtafuta Fundi kwa macho ili ampongeze kwa kuzaa. Mzee Filimbi alikuwa amejifunika uso, na safari hii vidole havikufunguka. Pembeni ya uwanja Tingatinga alisimama akapiga makofi juu ya kichwa.

Na Sindano, akitoka nje kutumikia kadi yake, alitoa kinga mdomoni akainua macho jukwaani. Alimwona baba yake kule kwa wageni. Akamchekea. Meno mawili ya mbele yalikaa sawasawa, hakuna ambaye angejua si yake. Fundi alikaa chini. Tingatinga alikuwa amemsaliti, jukwaa lilikuwa limemsaliti, na yote hayo alikuwa amejifunza kuyabeba. Hili la sasa hakujua alishike wapi.

Walichukua kombe. Kliniki ile ndiyo pekee karibu na uwanja yenye fundi wake mwenyewe, kwa hiyo Jumatatu asubuhi daktari alifungua pazia akawaingiza watu wawili, mama na binti. Binti alikuwa na taulo mdomoni. Daktari alishamsafisha na kumshona. Kilichobaki ni kazi ya Fundi.

Rafu ya juu ya kabati ilikuwa tupu. Mataya yote ya Ugenini yalikuwa kwenye pipa tangu Jumapili. Juu ya meza lilikuwa moja, ambalo Fundi alikuwa amelitoa kwenye droo akawa amekaa akilitazama.

"Fungua mdomo, mwanangu," alisema. Akakoroga unga wa kuchukulia chapa ya meno kwa maji mpaka ukawa uji mzito wa waridi, akaujaza kwenye kijiko cha chuma chenye umbo la taya, akaubana taratibu kwenye meno yaliyobaki. Uji ule ukiwa mdomoni hauondolewi mpaka ugande. Ukiutoa mapema chapa huharibika, na mgonjwa huanza upya na vidonda vyake. Fundi alishikilia kijiko kwa vidole viwili. Msichana alimtazama kwa macho yenye machozi, akipumua kwa pua.

"Na huyu wa mezani ni nani?" aliuliza mama, ili kupitisha muda. "Naye kavunjwa mbele kama wangu."

"Mchezaji."

"Aliyempiga mwanangu ni wa timu ya hapa. Yule mwembamba. Walimshangilia, baba, watu wazima wenye akili zao. Mimi nilikuwa nataka tu nimwone aliyemzaa, nimuulize anamfundisha nini nyumbani. Unamjua?"

Fundi hakuweza kugeuka, kwa sababu ya mkono ulioshika kijiko.

"Huyo wa mezani ndiye yeye," alisema. "Ni binti yangu."

Mama alisimama, mkoba ukaanguka. Alitaka kumshika mwanawe mkono waondoke, mkono ukabaki hewani. Chapa ilikuwa haijaganda, na wote watatu wakangoja.