Ujumbe wa Mwenyekiti na Usafi wa Saa Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikazunguka ukuta wa kituo mara kadhaa nikiogopa kwamba nikisimama langoni mlinzi atadhani nimekuja kuomba kazi. Nilipoingia hatimaye, nilikuwa nimetoka jasho kiasi cha kuaibisha. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na digrii ya uhandisi ambayo bado sikuamini kwamba ni yangu, na kituo changu cha kwanza kilikuwa kituo cha simu cha Eastlands, Nairobi, hatua chache kutoka Soko la Burma.

Adhuhuri moshi wa nyama choma ulivutwa na kiyoyozi moja kwa moja hadi chumba cha mitambo. Kwa hiyo kabla sijagusa kompyuta yoyote nilipewa sabuni na brashi, nikaosha vichujio vya kiyoyozi vilivyoganda mafuta ya mbuzi.

"Usicheke," Bi Zainabu, msimamizi wa zamu, aliniambia. "Mtambo ukipata joto unazima. Ukizima, Eastlands nzima inakutafuta wewe kwa jina."

Sikuwa nacheka. Nilikuwa nawaza kama nimesugua kichujio kwa upande usiofaa.

Alasiri Mhandisi wa Kanda, mtu wa tai hata siku za Jumamosi, alinipeleka mbele ya kabati la kioo lililokuwa na mashine moja yenye taa za kijani. "Hii ndiyo seva ya masanduku," alisema. "Kuanzia leo ni yako. Usibadilishe chochote." Nilirudi nyumbani mtaa wa Umoja nikitafakari sentensi hizo mbili. Kitu kinakuwaje changu ikiwa siruhusiwi kukibadilisha? Na kama kikiharibika bila kuguswa, atasema ni cha nani?

Ninyi mnaosoma haya mna simu mfukoni, hivyo lazima nieleze. Wakati ule mtu aliweza kuomba laini ya simu, akasubiri hadi mtoto wake akamaliza shule. Shirika letu la simu lilibuni njia ya katikati: sanduku la sauti. Ulikodi namba bila kuwa na simu. Aliyekupigia alisikia salamu, akaacha ujumbe, na ujumbe ukahifadhiwa kwenye diski ya seva yetu. Wewe ulikwenda kwenye kibanda cha simu mtaani, ukapiga namba yako, ukabonyeza namba ya siri, ukasikiliza. Madereva wa malori walikuwa na masanduku, wenye maduka ya jumla Eastleigh walikuwa nayo, na akina mama wa mtaa wa Lucky Summer wenye watoto ng'ambo pia.

Kuitunza seva hiyo kulikuwa na taratibu zake. Asubuhi nilisoma kumbukumbu za matukio, yaani mistari ambayo seva hujiandikia kila inapofanya jambo: nani amepiga, sanduku gani limefunguliwa, ujumbe gani umefutwa. Kisha nilipima nafasi iliyobaki kwenye diski. Diski ikijaa, seva hukataa ujumbe mpya na wapigaji wote husikia mlio wa laini iliyo na shughuli. Ili isijae, kila siku saa tisa alasiri, mtaa ukiwa umetulia, ilipita programu tuliyoiita usafi. Ilifuta kila ujumbe uliokwisha kusikilizwa. Usiku haukufaa kwa kazi hiyo kwa sababu ndio wakati seva ilipojinakili kwenye tepu. Yote haya yaliamuliwa ndani ya faili la mipangilio, kurasa za maandishi makavu zinazoiambia mashine jinsi ya kuenenda. Nilizisoma kurasa hizo kama mtu anayesoma matokeo ya hospitali.

Nilikuwa mwoga kupita kiasi. Nikiandika amri kwenye konsoli, skrini ya kuiamuru seva, niliisoma, nikaondoa mikono, nikaisoma tena, nikaamka kunywa maji.

"Unaiandika hiyo amri au unaiposa?" Bi Zainabu aliuliza siku moja. Fundi wa nyaya alicheka mpaka akaweka chini bisibisi yake.

Hofu yangu ilikuwa na sababu. Nilikuwa katika kipindi cha majaribio, na Mhandisi wa Kanda ndiye angependekeza nithibitishwe au nirudi mtaani na digrii yangu. Kila aliponisalimu kwa ufupi nilichambua ufupi ule kutwa nzima.

Ndipo akaja Mzee Mutua. Alikuwa mwenyekiti wa kundi la wachongaji wa vinyago waliofanya kazi kwenye banda moja si mbali nasi. Vumbi la mti lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Alikuwa amekwisha kuja kaunta mara nyingi, na kila mara aliambiwa amesahau namba yake ya siri. Asubuhi hiyo kaunta ilinisukumia mimi.

"Binti yangu," alisema, "sanduku letu linakula maneno."

"Linakula vipi, Mzee?"

"Mtu ananiambia uso kwa uso, nimekuachia ujumbe. Mimi nikienda jioni, yule mwanamke wa ndani ya mashine ananiambia hakuna kitu. Je, mimi ni mjinga au huyo mwanamke ni mwongo?"

Nilimwambia hakuna mwanamke, ni sauti iliyorekodiwa. Alinitazama kwa huruma, nikajuta kusema.

Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nikae. Mnunuzi mmoja wa nchi za nje, ambaye kundi zima lilikuwa likimtegemea, alikuwa ameahidi kuacha jibu lake la mwisho kwenye sanduku siku hiyo hiyo. Akikubali, banda zima lingeanza kesho alfajiri kuchonga twiga wa mzigo mkubwa, kutumia gogo zuri kuliko yote waliyokuwa nayo. Akikataa, gogo lile lingebaki kwa kazi nyingine. "Mti ukishaukata umbo la twiga," alisema, "huwezi kuuambia sasa uwe bakuli." Yeye mwenyewe hakulitarajia jibu hilo kabla ya jioni; alikuwa anaondoka kwenda kutazama mbao Machakos na angerudi jioni kusikiliza.

Alipoondoka nilianza kuwaza, na mawazo yangu hayakuwahi kwenda sehemu moja. Labda mtu aliiba namba ya siri. Labda diski ilikuwa na doa. Labda ni mimi, wiki iliyopita, nilibonyeza kitu. Nilifungua kumbukumbu za matukio za sanduku lile. Ujumbe ulikuwa ukiingia vizuri. Ulikuwa ukifunguliwa kila asubuhi, kwa muda mfupi sana, halafu saa tisa unafutwa. Na ujumbe kutoka laini ya nje ulikuwa umeingia alfajiri hiyo. Tayari ulikuwa umefunguliwa.

Niliomba ruhusa ya chakula cha mchana, nikaenda kwenye kibanda cha simu kilicho karibu na banda lao. Palikuwa na foleni ya vijana wenye aproni za vumbi. Nilisimama kando nikitazama.

"Niaje madam, uko kwa foleni ama unatuhesabu?" mmoja aliuliza. Walimwita Kyalo.

Nilijieleza. Nikamuuliza kwa nini foleni nzima inapiga namba moja.

"Sanduku ni la banda," alisema. "Sisi wote tunatumia hilo. Unaingia, unasikia jina la mwenye ujumbe. Kama si wako, unabonyeza kuruka, unaenda kwa mwingine."

"Bila kuusikiliza?"

"Madam!" Alishtuka kama nimemwambia afungue sufuria ya jirani. "Ukisikiliza oda ya mwenzako, halafu ukachonga ile ile kabla yake, hiyo ni vita. Hapa ukisikia jina si lako, unaruka. Hata kama ni ndugu yako."

"Na leo kuna ujumbe wa mwenyekiti?"

"Ule wa mzungu? Uko. Mimi niliuruka, huyu akauruka, huyu pia."

"Basi naomba mmoja wenu ausikilize tu, amwambie Mzee akirudi."

Foleni nzima iligeuka kunitazama. Kisha mwenye umri mkubwa kidogo akasema kwa upole, "Dada, tunakuheshimu. Lakini hilo usituombe."

Nilitembea kurudi kituoni karibu nikikimbia, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Aliyetengeneza seva alifikiria sanduku moja, mtu mmoja. Kwake, mtu akiruka ujumbe ni kwamba ameusikia na hautaki. Wachongaji walikuwa wakiruka kwa heshima, na mashine ilikuwa ikihesabu heshima hiyo kama kusikiliza. Saa tisa ilikuwa inakuja. Ujumbe wa mnunuzi ungefutwa kabla Mzee hajarudi, na kesho alfajiri, kwa kukosa jibu, wangekata gogo kwa matumaini au wangeliacha kwa woga.

Nikaanza kupima njia. Kuusikiliza ujumbe mwenyewe nisingeweza: msimamizi wa seva anayefungua sanduku la mteja hufukuzwa, na tulikuwa tumeapa. Kubadilisha mpangilio wa kuruka kungehitaji seva izimwe na kuwashwa upya, na kila aliyekuwa kwenye simu angekatwa. Kulitenga sanduku moja hakukuwezekana. Usafi ulipita masanduku yote au haukupita kabisa. Ilibaki njia moja, kuusimamisha usafi wa siku hiyo. Lakini diski ilikuwa karibu kujaa, na jioni ndipo Eastlands yote hupiga simu.

Nilimpigia Mhandisi wa Kanda makao makuu.

"Nilikuambia nini siku ya kwanza?" aliuliza baada ya kunisikiliza.

"Nisibadilishe chochote, Bwana Mhandisi."

"Na unataka kufanya nini?"

"Kubadilisha kitu, Bwana Mhandisi."

"Kwa ajili ya sanduku moja. Kati ya yote. Seva ikifa jioni, utawaambia nini hao wengine?" Akakata simu. Hakusema hapana. Hakusema ndiyo. Nilikaa nimeshika mkono wa simu nikijaribu kutafsiri ukimya wake.

Bi Zainabu alikuwa amesikia upande wangu wa mazungumzo. "Saa inakwenda," alisema. "Unajua mimi ningefanya nini?"

"Nini?"

"Sikuambii. Mimi nimethibitishwa kazini."

Nikaketi mbele ya konsoli. Nikaanza kutafuta kilichokula nafasi kwenye diski, nikipitia saraka za faili moja baada ya nyingine, na huko ndani nikakuta hotuba ya kukaribisha ya Mkurugenzi. Kila mpigaji aliisikia kabla ya kufika kwenye sanduku lake: maono ya shirika, shukrani kwa wateja, salamu za sikukuu zilizopita. Ilikuwa imerekodiwa kwa ubora wa redio, na mtu fulani alikuwa ameinakili upya kwa kila laini inayoingia kwenye seva. Ilikuwa kubwa kuliko masanduku ya mtaa mzima.

Niliihamisha yote kwenye tepu, kwa uangalifu, nikihakikisha nakala inasomeka kabla ya kuondoa ya diski. Mahali pake niliacha mlio mfupi. Kisha nikaandika amri ya kusimamisha usafi. Niliisoma. Nikaisoma tena. Sikuamka kunywa maji. Nikabonyeza.

Saa tisa ikapita na hakuna kilichofutika. Jioni simu zikaanza kumiminika, nami nikakaa nikitazama nafasi ya diski ikipungua polepole. Seva haikufa. Wateja kadhaa walipiga kaunta kuuliza kama shirika limepata mkurugenzi mpya, maana sasa mtu anafika kwenye ujumbe wake kabla sarafu haijaisha. Bi Zainabu aliwajibu kwamba Mkurugenzi yuko likizo.

Jua likielekea kuzama Mzee Mutua aliingia kaunta, viatu vimejaa vumbi la safari. Nilitoka kumlaki nikijaribu kusoma uso wake.

"Umesikia, Mzee?"

"Nimesikia."

"Amesemaje?" Nilijua sipaswi kuuliza. Niliuliza.

"Amekataa." Aliketi kwenye benchi. "Anasema watu wake siku hizi hawataki twiga. Anaomba radhi, tena kwa adabu."

Niliketi kando yake. Nilikuwa nimehatarisha simu za mtaa mzima na kazi yangu, nikimhifadhia mtu jibu la hapana. Nilianza kumwomba msamaha, sijui wa nini.

"Wewe unalia nini?" aliniuliza. "Kesho alfajiri ningeshika shoka. Kyalo na wenzake walikuwa tayari wamenoa. Gogo limepona, binti yangu. Sasa nakwenda kuwaambia tuchonge mabakuli." Akainuka, akanipa mkono, akaondoka kwa hatua za mtu mwenye haraka.

Mhandisi wa Kanda alirudi siku iliyofuata. Alipiga namba ya sanduku lake mwenyewe mbele yangu, akasikia mlio mfupi, akaweka chini simu. "Umeivunja amri," alisema. Kipindi changu cha majaribio kikaongezwa. Halafu akavuta kiti: "Nionyeshe huo mpangilio wa kuruka." Tuliandika pamoja aina mpya ya sanduku, la pamoja, ambalo ujumbe wake haukufutwa mpaka mtu aliyeusikiliza hadi mwisho abonyeze kufuta. Hotuba ya Mkurugenzi ilirudishwa, fupi, nakala moja.

Nilithibitishwa baadaye kuliko wenzangu. Nikahamishwa Kisumu, kisha makao makuu, kisha nikasimamia seva ambazo mashine ile ya kabati la kioo ingeonekana mbele yake kama redio ya kaseti. Wakubwa walibadilika, vyeo vikabadilika, na hofu yangu ikabaki pale pale. Sikuwahi kubonyeza amri bila kuisoma zaidi ya mara moja. Vijana walionifuata walinicheka kwa hilo, nami sikuwalaumu.

Sasa nimestaafu, nami nashindwa kukaa. Nikiketi sebuleni nawaza nini kinajaa mahali ambapo sikioni. Waandishi wa habari za shirika waliniuliza ni ujumbe gani mkubwa kuliko yote niliowahi kuulinda. Niliwaambia sijui, na ni kweli. Katika miaka yangu yote sikujua kilichokuwa ndani ya masanduku yale. Nilijua tu kwamba mtu fulani yuko njiani kuja kusikiliza, na bado hajafika.