Viatu vya Sakafu Kavu

Mume wangu hakuwa mtu wa kuchagua. Shati alilonunuliwa alivaa, chakula alichowekewa alikula, na mke, kama dada zake walivyopenda kusema, alimchukua wa kwanza aliyemchekea. Kwa hiyo nilishangaa alipomaliza Jumamosi mbili nzima akitafuta jozi moja ya viatu.

Daktari alikuwa amemwambia afanye mazoezi kwa sababu ya presha. Mwenzake wa kazini akampeleka kwenye uwanja mmoja Kimandolu, sakafu ya zege iliyopigwa rangi na kufungwa wavu mfupi, ambako watu wazima walicheza pickleball: unashika kibao, unapiga mpira wa plastiki wenye matundu, unakimbia kidogo, unacheka sana. Alianza na raba za kukimbilia, zile za kisigino kinene. Wiki ya pili akateguka mguu. Mwalimu wao akamwambia raba hizo ni za kwenda mbele tu, na mchezo huu ni wa kwenda kando. Atafute kiatu kipana, kifupi, chenye soli bapa na ubavu mgumu.

Tukazunguka Kaloleni kwa wauza mitumba mpaka miguu ikavimba. Kila kiatu alikikunja. Kikijipinda kama tambara, anakirudisha. Kisigino alikiminya kwa kidole gumba, kikibonyea, anakirudisha. Kilichobaki anakivaa na soksi nene, anaruka kushoto, anaruka kulia, watu wanatutazama. "Mzee, unanunua kiatu au unacheza ngoma?" muuzaji mmoja akauliza. Nilicheka hadi nikakaa chini. Jozi tuliyoipata ilikuwa nyeupe, yenye mstari wa bluu, na soli yake ilikuwa na vifereji vyembamba kama alama za uma kwenye unga.

Mwalimu akavikagua, akavisifu, halafu akatuonya sote wawili: hivi ni vya sakafu kavu. Tope likijaza vile vifereji, ni sawa na kukanyaga sabuni. Tangu siku hiyo mume wangu alivibeba kwenye mfuko na kuvivaa akifika uwanjani. Alivitumia miezi minne. Kisha kiharusi kikamchukua, kazini, juu ya kiti chake, mchana kweupe.

Tulimzika kwao, Nkoaranga. Baada ya matanga dada zake wakatoa masanduku yake uani ili nguo zigawiwe ndugu, kama ilivyo desturi. Mimi ni Mchaga. Kwa miaka kumi na tisa ndani ya ukoo ule wa Kimeru nilikuwa nikisikia kwamba Mchaga hulilia mali kuliko maiti, na siku ile nilikuwa nimeapa sitawapa nafasi. Walichukua koti la harusi, nikanyamaza. Walichukua redio, nikanyamaza. Wifi mkubwa alinitazama kila alipoinua kitu, akisubiri nifungue mdomo. Nilikuwa na hasira, na nikisema kweli, hasira ile ilikuwa tamu.

Vikatoka vile viatu. "Hivi ni vya Baba," wifi akasema. "Vitamfaa shambani."

Baba mkwe ndiye mtu pekee wa boma lile aliyekuwa akitoka kunipokea mzigo. Alikuwa amepita miaka sabini na bado alihudumia kahawa na migomba peke yake, kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa kufikiri. Alivipokea viatu kwa mikono miwili, akavikumbatia kifuani, akalia. Maneno niliyopaswa kusema yalikuwa machache tu: Baba, hivi vinateleza topeni. Lakini nilimwona wifi amekaza macho, nikasikia mapema atakachosema, kwamba sasa Mchaga ameona chake. Nikasema moyoni, wachukue vyote, washibe. Nikageuka kutazama migomba.

Masika ilipoanza nikapigiwa simu. Baba mkwe alikuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe alfajiri, mguu ukamteleza njiani, akalala kwenye tope hadi jirani mmoja aliposikia anaita. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alituambia waziwazi kwamba kwa umri ule tusitegemee atashuka tena shambani, na kwamba hata kukaa kitandani muda mrefu kuna hatari yake.

Wodini kila mtu alikuwa na mtu wa kumlaumu. Wengine waliilaumu mvua, wengine uzee, na wifi alilaumu ng'ombe, eti alipaswa kuuzwa zamani. Viatu vilikuwa chini ya kitanda ndani ya mfuko wa plastiki, soli zimejaa tope, na hakuna aliyevitaja. Ningeweza kukaa kimya hadi leo.

Walipotoka nikabaki naye. "Shikamoo Baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Viatu vya mume wako ni vizuri, usiviache hapa wakaviiba. Ni miguu yangu tu imezeeka."

Hilo ndilo sikuweza kulibeba. "Baba, nilijua vinateleza. Mwalimu wake alituambia. Nilijua siku ile unapewa."

"Ulikuwa umekaa mbele yangu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Nikaanza kueleza habari za wifi, za koti, za kuitwa Mchaga. Maneno yalitoka ovyo, na hata masikioni mwangu mwenyewe yalikuwa ya kitoto. Nilipomaliza alifumba macho, nikadhani amelala. Saa kumi jioni akataka maji. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, nikakiinua. Alikiangalia, akaniangalia, akamwita muuguzi.