Kambare Asiyeuzwa

Bibi Kisu alipewa jina hilo sokoni kwa wepesi wa mkono wake: kabla mteja hajamaliza kulalamikia bei, samaki alikuwa ameshapasuliwa na kufungwa kwenye gazeti. Kwa miaka ishirini na sita meza yake ilikuwa ileile, pembeni mwa bomba, na desturi yake ileile: kambare mkubwa kuliko wote wa siku hiyo hauzwi. Anakwenda nyumbani. Na tangu kitinda mimba wake ashike ujauzito, huyo mkubwa alikuwa wa binti peke yake.

Asubuhi hiyo msichana wa maabara alirudi. Wiki mbili nyuma alikuja na sanduku la barafu kununua samaki wa kupimwa, maana kiwanda cha juu ya mto kilishukiwa kumwaga zebaki. Wauzaji wote walimnunia. Bibi Kisu peke yake alimchangamkia, akamchagulia kumi, wote wadogo.

"Wadogo ndio wasafi," aliwanong'oneza wenzake baadaye. "Tungempa mizee ya matopeni kabla moto haujaisafisha, tungefunga meza."

Sasa majibu yalikuwa mkononi. "Zebaki ipo, mama, ila iko chini ya kiwango."

"Bibi Kisu, leo unatununulia chai!" alipaza sauti jirani yake, muuza vitunguu.

"Chai kavu. Sukari kamwombeni mwenye kiwanda!"

Walicheka wote isipokuwa msichana. "Kuna kitu kinanisumbua," alisema. "Wote ulionipa ni wadogo. Zebaki haitoki mwilini upesi. Samaki mkubwa anakula wadogo mamia, na sumu ya wote inabaki kwenye nyama yake, mwaka hadi mwaka. Wakubwa mnawapeleka wapi?"

Kisu kilisimama katikati ya tumbo la samaki.

"Akichemshwa sana?"

"Haitoki."

"Akikaushwa kwa moshi?"

"Haitoki, mama. Mtu mzima akila mara moja, sina hofu sana. Ninaowahofia ni watoto walio tumboni. Ubongo wao ndio kwanza unajengeka."

Miezi saba. Mara nne kwa wiki, wakati mwingine tano.

Hakuaga. Aliondoka na aproni yake, akaiacha meza wazi.

Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda, sahani ya kiporo cha kambare wa jana ameiegemeza juu ya tumbo.

"Tema."

"Mama, nini tena?"

"Tema, nimesema!" Alimkingia kiganja chini ya kidevu, kama alivyomfanyia alipokuwa akitambaa na kuokota mchanga. Binti alianza kucheka, kisha akauona uso wa mama yake. Akatema.

Saa sita walikuwa maabara, kichwa cha yule kambare kikiwa ndani ya sufuria. Msichana alikata nywele chache za binti karibu na shingo, akazitia kwenye bahasha. "Nywele hutunza kumbukumbu ya zebaki. Njooni baada ya siku kumi."

"Andika na hili," alisema Bibi Kisu. "Wale wadogo niliwachagua makusudi."

"Nikiandika hivyo, vipimo vitarudiwa. Soko linaweza kufungwa."

"Andika, mwanangu."

Kalamu ilikwaruza karatasi. Binti hakumtazama mama yake. Alitazama ile bahasha tu. Lakini tumbo lilikuwa zito na kiti kilikuwa kifupi, na alipotaka kuinuka alinyoosha mkono upande wa mama yake.

Bibi Kisu aliufuta wake kwanza kwenye aproni, akaufuta tena, ndipo akaushika.