Sketi Sita za Bikira

Kwa miaka thelathini na minne, hakuna aliyemvisha Bikira wa Kandelaria, sanamu ya kanisa la kijiji cha milimani cha Wayllapata, ila Saturnina Mayta, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Nyuma ya pazia anapomvishia mwanamume hakanyagi, hata awe askofu. Humo humvalisha Bikira sketi sita za sufu, moja juu ya nyingine, kila moja ya harusi ya mvishaji aliyekwisha kufa. Humsuka nywele, humtilia kifuani majani matatu ya koka, kisha humwagia Mama Ardhi pombe ya mahindi kidogo chini, asije akaona wivu.

Sketi yake mwenyewe ya harusi, nyekundu, aliitunza kama mboni ya jicho. Siku akifa, iwe ya saba. Hakuwa na tamaa nyingine duniani.

Mwaka huo Padre Anselmo, kijana mgeni kutoka mjini, akaleta gauni la mahameli la buluu.

"Mama Saturnina, hayo matambara sasa basi. Mvishe hili tu."

"Hili tu, Padre?"

"Hili tu."

Saturnina alirudi nyumbani akalia mpaka simbilisi wa kitoweo aliyekuwa akimbanika akaungua. Asubuhi ya sikukuu akatii, neno kwa neno. Kisha akamwita Padre.

"Njoo umwone. Leo ruhusa, kavaa."

Padre akachungulia. Gauni lilining'inia kama shati kwenye kamba. Juu kichwa kizuri, pembeni viganja viwili, katikati vijiti.

"Mwili wake uko wapi?"

"Kapuni. Ulidhani sketi ni urembo, mwanangu? Wale mama sita ndio mwili wake, na wa saba nitakuwa mimi."

Nje bendi ilishaanza. Padre akashikwa na aibu, halafu kicheko.

"Nimekuwa mjinga, mama."

"Kidogo tu. Haya toka, anabadili nguo."

Bikira alitoka mnene, mwenye afya zake, gauni la buluu limekunjwa likawa shali mabegani. Padre mwenyewe alimwaga pombe ardhini, tena nusu mtungi, wazee wakaguna kwa uchungu.

Kwenye maandamano akamsogelea Saturnina. "Na ile ya saba?"

Saturnina akaipangusa sketi yake nyekundu aliyoivaa. "Hii hapa, Padre. Leo nacheza nayo."

"Cheza nayo mpaka ichakae, mama. Nafasi yake ipo."